Matairi ya 195/65R15: yapi yanashika lami, yapi yanadumu, na yapi yanastahili pesa yako

Ukubwa wa 195/65R15 unavaliwa na Premio na Allion nyingi za injini ya 1.8, Wish, Noah za zamani, Prius ya kizazi cha tatu na baadhi ya Impreza. Ndiyo maana kila duka la matairi linao, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, na bei ya tairi moja inaweza kuwa mara mbili au hata tatu ya lililopangwa pembeni yake. Muuzaji atakuambia lile la bei ghali ni "orijino" na lile la bei nafuu "nalo linakwenda tu". Maneno hayo hayakusaidii kuchagua. Mengi ya unayohitaji kujua yamechapwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe, na yaliyobaki yako kwenye dashibodi ya gari lako, pale panapoonyesha kilomita.

Tuanze na hizo kilomita, kwa sababu ndizo wanunuzi wengi huzisahau. Tairi hufa kwa njia mbili: kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zinaisha, au mpira unazeeka. Gari la kwenda kazini na kurudi, likitembea kilomita 8,000 kwa mwaka, halitamaliza tairi lililotengenezwa kudumu kilomita 60,000. Ingehitaji miaka saba na nusu, na kabla ya hapo jua linaweza kuwa limeshaupasua mpira. Mwenye gari hilo akilipia tairi la kudumu sana, analipia kashata ambazo atazitupa. Mwenye teksi ya mtandaoni anayekimbiza kilomita 40,000 kwa mwaka yuko upande mwingine kabisa: kwake tairi laini la bei nafuu ni hasara, kwani atarudi dukani kila baada ya miezi tisa au kumi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano wa tairi la shilingi 130,000 za Tanzania likidumu kilomita 30,000, na la shilingi 260,000 likidumu kilomita 60,000. Yote mawili yanakugharimu kama shilingi 4.3 kwa kila kilomita. La bei ghali hapo halijakuokolea kitu isipokuwa gharama ya kufunga na kubalansi mara ya pili, labda na mshiko bora kwenye mvua. Kwa hiyo ukiambiwa bei mara mbili, uliza tairi hilo linakupa nini zaidi ya umri. Jibu likiwa ni breki fupi kwenye lami yenye maji, hiyo ni sababu nzuri ya kulipa. Likiwa ni jina tu, rudi nyuma.

Sasa geukia ubavu. Tafuta neno DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, hivyo ukikuta DOT isiyomalizikia na tarakimu nne, ligeuze. Tairi jipya lisizidi miaka miwili tangu litengenezwe. Likizidi mitatu, ama punguzo liwe kubwa kweli, ama uliache, hasa kama limekaa nje ya duka likipigwa na jua. Baada ya miaka sita tangu kutengenezwa, hata kama kashata zipo, likaguliwe kila mwaka na fundi anayejua. Likifika kumi, litoke hata kama linang'aa.

Kisha kuna neno TREADWEAR na namba yake, kwa mfano 300, 400 au 500. Huu ni mfumo wa Marekani: tairi hukimbizwa kwa maili 7,200 kwenye barabara za eneo la San Angelo, Texas, likilinganishwa na tairi la kipimo lenye namba ya rejea, halafu uchakavu wake unakadiriwa hadi mwisho. Namba 400 inamaanisha tairi linatarajiwa kudumu mara mbili ya lenye 200. Lakini mtengenezaji ndiye anayejipimia na kujipa namba, na hakuna anayemlazimisha kufuata kipimo kwa ukali ule ule wa jirani yake. Itumie kulinganisha aina mbili za kampuni moja, hapo inasema kweli. Kati ya kampuni mbili tofauti, chukulia tofauti ya 40 au 60 kama si kitu.

Pembeni yake kuna TRACTION, yenye herufi AA, A, B au C. Hiki ni kipimo cha kufunga breki kwenye lami na zege lenye maji, tairi likiburuzwa limejifunga kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Hakipimi kona, wala gari kuelea juu ya maji. Usishuke chini ya A kwa gari la familia. TEMPERATURE ni uwezo wa kuvumilia joto la mwendo mkubwa. Kwa safari ya Dar hadi Dodoma mchana wa jua, gari likiwa limejaa watu na mizigo, A ndiyo inayokufaa. B inatosha kwa mjini.

Kuna alama moja muhimu ambayo karibu hakuna muuzaji anayeitaja. Tafuta herufi E yenye namba ndani ya duara (E4, kwa mfano, ni idhini iliyotolewa Uholanzi). Karibu nayo kuna namba ndefu ya idhini, na mwisho wake waweza kukuta S2WR2 au S1WR1. Herufi W hapo inamaanisha tairi limefaulu kiwango cha chini cha kushika lami yenye maji. S ni kelele, R ni wepesi wa kubingirika. Tairi lenye E lakini lisilo na W kwenye mkia wa namba halijathibitishwa kwa mvua kwa mfumo huo. Kwa mtu anayeendesha wakati wa masika, herufi hiyo moja ina uzito kuliko kibandiko chochote cha rangi.

Kibandiko chenyewe, kama kipo, kisome. Kile cha Ulaya kina ngazi A hadi E za mshiko kwenye maji. Kati ya A na ngazi ya mwisho, gari lililokuwa kwenye kilomita 80 kwa saa linaweza kupishana kwa karibu mita 18 kabla ya kusimama. Hayo ni magari manne ya aina ya Premio yaliyofuatana bampa kwa bampa. Kibandiko hicho hakisemi lolote juu ya tairi kudumu. Ukitaka kuhakiki, ingia kwenye hifadhidata ya Ulaya iitwayo EPREL, andika jina la tairi na ukubwa wake. Ni bure. Angalia tu kwamba jina na alama zake ni zile zile za tairi lililo mbele yako, kwa sababu kampuni nyingine hutumia jina moja kwa tairi la soko hili na la soko lile.

Mwisho wa ubavu ni uzito na mwendo, mfano 91H. Namba 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, na H ni kilomita 210 kwa saa. Usinunue chini ya 91 kwa magari haya. Noah inayobeba watu wanane na mabegi juu itafurahia 95 yenye alama XL (tairi lililoimarishwa kwa mzigo zaidi), ambayo ni kilo 690, mradi upepo nao uongezwe kidogo kama mtengenezaji wa tairi anavyoelekeza. Hiace isiingizwe kabisa kwenye mazungumzo haya. Hiyo inataka tairi la mzigo lenye herufi C au LT, na kuifunga tairi la gari dogo ni kutafuta mpasuko barabarani.

Tukija kwenye yaliyopo dukani, Michelin Energy XM2+ ndilo tairi tunaloliweka juu kwa mwenye kilomita nyingi. Limetengenezwa kwa kulenga masoko ya Asia, Mashariki ya Kati na Afrika, mpira wake umechanganywa na silika (madini yanayotokana na mchanga), na sifa yake kubwa ni kwamba linaendelea kufunga breki vizuri hata kashata zikiwa zimepungua nusu. Hilo ndilo jambo ambalo matairi mengi huficha: yanashika vizuri mwezi wa kwanza, kisha kila milimita inayoondoka inaondoka na breki. Ubaya wake ni bei, na kwa mwenye kilomita 8,000 kwa mwaka hatulipendekezi.

Bridgestone Ecopia EP150 lilibuniwa ili gari libingirike kwa urahisi na kuokoa mafuta. Ni tairi tulivu na linaisha taratibu. Kwa mtu wa mjini ni zuri, ila usilinunue kwa kutarajia mshiko mkali kwenye kona zenye maji, maana sicho kilichowekwa mbele wakati linaundwa. Yokohama BluEarth-Es ES32 limekaa katikati: kelele kidogo, mwenendo mzuri kwenye mvua, na bei ambayo mara nyingi iko chini ya Michelin. Kama yako mawili hayo ya Kijapani kwa bei inayokaribiana na DOT zote ni mbichi, sisi tungechukua Yokohama kwa ajili ya masika.

Dunlop SP Touring R1 ni la mtu anayetaka kudumu na ubavu usiolegea. Hukanyaga kigumu kidogo, kila shimo utalijua.

Halafu yako ya China, na hapa watu huchanganya mambo. "La China" si aina ya tairi. Linglong na Triangle za Shandong, Sailun ya Qingdao, na Zhongce ya Hangzhou inayotoa Westlake na Goodride, ni viwanda vikubwa vinavyouza pia Ulaya, kwa hiyo matairi yao ya huko yamepitia idhini zilizotajwa hapo juu. Linglong Green-Max HP010, Sailun Atrezzo SH406, Triangle TE301 na Westlake RP28 yote yapo kwa 195/65R15. Kwa gari la kilomita 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka, lolote kati ya hayo lenye W, TRACTION A na DOT ya mwaka huu au uliopita ni ununuzi wa busara. Huenda breki zake kwenye maji zikawa ndefu kuliko za Michelin, na tofauti hiyo inakua kadiri yanavyoisha, kwa hiyo yatoe mapema: kashata zikifika milimita 3, usingoje 1.6. Tunachokukataza ni lile lenye jina usilolipata popote mtandaoni, lisilo na E, lisilo na TREADWEAR, ambalo muuzaji mwenyewe hajui linatoka kiwanda gani.

Kwa nini milimita 3? Fikiria lami yenye maji ya kina cha milimita 3, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na tairi linalokanyaga kwa upana wa kama sentimita 16. Kila sekunde tairi hilo moja linapaswa kusukuma pembeni au kumeza kwenye mifereji yake lita 10 za maji, yaani nusu ya ndoo kubwa. Mifereji ikiwa mifupi, maji hayana pa kwenda, yanainua tairi, na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo wala ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) haina la kufanya, kwa sababu tairi haligusi lami. Kupima si kazi: chomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa katikati, weka alama kwa kucha, kisha ilaze kwenye rula. Pima sehemu tatu kwa upana wa tairi. Tairi jipya la gari dogo huanza na karibu milimita 8. Ukipoteza milimita 1 kwa kilomita 10,000, una kilomita 50,000 kabla ya kufika 3. Hicho ni kipimo cha kweli cha uimara kwa gari lako, barabara zako na mguu wako, na kinapita namba yoyote ya kiwandani.

Sasa matairi yanayokuja na gari kutoka Japani. Mengi huonekana mapya, kashata ndefu, na mwenye gari hufurahi kwamba amepata matairi ya bure. Tazama ubavuni kama pameandikwa STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, au mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani. Hayo ni matairi ya baridi kali. Mpira wake umefanywa ubaki laini kwenye barafu, na kashata zake zimekatwa mistari mingi membamba kama karatasi zilizopangwa. Kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana mpira huo unakuwa kama ubani wa kutafuna: kashata zinapinda, gari linayumba ukikata kona, breki zinarefuka, na tairi linaisha upesi. Yatoe. Usimpe ndugu wala usiyauze kwa jirani. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake, bila ule mchoro wa mlima, haitoshi kulihukumu tairi, kwani hata matairi ya misimu yote na ya magari ya porini huwa nayo.

Matairi ya mtumba yana balaa jingine, la kuchongwa. Mtu huchukua tairi kipara, akachonga mifereji upya kwa kisu cha moto, akalipaka rangi nyeusi. Tairi la gari dogo halina mpira wa akiba chini ya mifereji, kwa hiyo kinachochongwa ni ule unaofunika waya. Namna ya kulitambua: ubavuni tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo, kisha fuata usawa wake hadi ndani ya mfereji. Panapaswa kuwa na kituta kidogo cha mpira. Kama alama ipo lakini kituta hakipo, au kimekatwa katikati, limechongwa. Angalia pia kama kina cha mifereji kinapishana na kingo zake ni kali mno. Omba kulitazama ndani: kiraka kikubwa, duara jeusi la mpira uliosagika kuzunguka ubavu (dalili kwamba lilikimbizwa bila upepo), au kidonda kwenye ukingo unaokaa kwenye ringi, vyote ni sababu ya kuondoka. Uvimbe kama jipu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na hilo halina dawa.

Hata tairi bora litakufa mapema ukilifunga vibaya. Soma namna linavyoisha. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulizidi. Likiisha upande mmoja tu, alaimenti (mpangilio wa mwelekeo wa magurudumu) imetoka au bushi zimechoka, na hapo kununua tairi jipya bila kurekebisha ni kulisaga. Ukipitisha kiganja na kuhisi meno kama ya msumeno ukienda upande mmoja na ulaini ukirudi, toe (namna magurudumu yanavyoelekea ndani au nje kwa mbele) imekosea, kagua tairodi. Likiwa na mabonde mabonde, ni shokapu au balansi.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi 220 au 230 kPa, yaani psi 32 hadi 33. Ile psi 44 au 51 iliyo kwenye tairi ni kikomo chake, si maelekezo. Pima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kutembea. Ukipima njiani Chalinze utakuta imepanda psi 3 au 4, na hiyo ni kawaida. Anayeipunguza tairi likiwa la moto anajipatia tairi lenye upepo mdogo likipoa, na upepo mdogo ndio unaochemsha ubavu hadi upasuke. Naitrojeni unayouziwa haina ubaya, ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78, hivyo pesa hiyo weka kwenye kipimo chako mwenyewe cha upepo.

Kama unaweza kununua mawili tu, yafunge nyuma, hata kwa gari linalovuta mbele. Fundi wengi watabisha. Sababu ni kwamba tairi la mbele likiteleza gari linaenda moja kwa moja na ukiachia mafuta linarudi, lakini la nyuma likiteleza gari linageuka mzimamzima, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 badilisha nafasi: kwa gari linalovuta mbele, ya mbele yaende nyuma moja kwa moja, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana. Yenye mshale wa ROTATION hayavuki upande.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, balansi kwa magurudumu yote manne, na alaimenti baada ya hapo. Simama uone nati zinaanzwa kwa mkono, kisha kukazwa kwa mpangilio wa nyota gari likiwa limeshushwa. Kwa Toyota nyingi za aina hii mkazo ni Nm 103, na bunduki ya upepo ikiachiwa ifanye kazi yote huzidisha hapo, ikavuta bolti na kupinda diski hadi usukani utetemeke ukifunga breki. Baada ya kilomita 100, zikazwe tena kwa spana ya mkono, na usisahau kupima upepo wa spea.